Mdalasini mwembamba au mnene? Kabla hujalipa, jua unaenda kuufanyia nini

Juzi Jumamosi nilikuwa soko kuu hapa Mtwara natafuta viungo vya shughuli, pembeni yangu kuna dada kashika vijiti viwili vya mdalasini, kimoja mkono wa kulia kingine wa kushoto, anamuuliza muuzaji mbona hiki bei imechangamka hivi na vyote ni mdalasini, muuzaji anamjibu "dada yangu huo wa Unguja, huo mwingine unatoka nje, chukua unaoupenda." Dada akachukua wa bei rahisi akalipa akaondoka. Na nilivyomsikia anaongea na mwenzie alikuwa anataka wa kumchemshia mama yake kila asubuhi kwa sababu mama ana sukari. Sikumuwahi, alishapotelea kwenye watu. Nimekaa nalo hilo jambo wiki nzima, ndo maana naandika, kwa sababu ile mizigo miwili sio kitu kimoja na kwa mama yule ulitakiwa ule aliouacha mezani, wa Unguja, ambao ndo mwembamba, ule wa nje aliobeba ndo mnene.

Mi kazi yangu kupika. Asubuhi chai na maandazi, na shughuli zikija napika shughuli, harusi, maulidi, hitima, na msimu wa korosho ukifika minada ikianza Oktoba watu wakashika hela hapo ndo silali kabisa, kila wiki pilau la sufuria kubwa mahali. Kwa hiyo mdalasini naununua kwa kilo, na huu mwembamba na ule mnene nimeutumia wote miaka mingi, kila mmoja una kazi yake, hakuna hapo mbaya na mzuri.

Tuanze na kuujua kwa macho maana wengi hapo ndo wanapopigwa.

Mnene ni gome moja tu, zito, gumu, rangi ya kahawia iliyoenda kwenye wekundu. Kijiti chake ukikitazama kwa kichwani utaona gome limejikunja kutoka pande zote mbili likakutana katikati, kama mkeka unaoukunja huku na huku, na ndani kuna uwazi. Ukijaribu kuuvunja kwa vidole unakuumiza, mpaka uupige na mchi, na ukivunjika unasema tak unatoa kipande kama kibao. Mwembamba uchukue kwa mkono hivi, mwepesi, rangi imepauka kidogo kama udongo mkavu, na ule ulioviringishwa vizuri ukiutazama kichwani unaona matabaka mengi membamba yamejazana ndani kama sigara, karatasi juu ya karatasi. Ukiubana kwa kidole gumba na cha shahada tu unasagika, unaacha vumbi kwenye ngozi, na hilo vumbi linanukia mpaka jioni.

Ila hapa kwetu kuna kitu lazima nikwambie, mdalasini wa Unguja na ule wa Muheza mara nyingi unakuja haujaviringishwa kitaalamu, unaletwa vipande vipande vya magome yaliyokunwa, vingine vimenyooka kabisa, kwa hiyo usitegemee umbo peke yake ukasema hauna matabaka basi ni mnene. Angalia unene wa gome, uvunje, uunuse. Wembamba wake na kusagika kwake ndo kitambulisho.

Harufu sasa. Mnene ukiunusa unakuja moja kwa moja, mkali, mtamu, unawasha puani, ukiuweka ulimini unauma kama pilipili iliyotiwa sukari. Mwembamba unakuja taratibu, una utamu wa chini, na kwa mbali ndani yake kuna karafuu. Hiyo karafuu hujajidanganya, ipo kweli, kwenye mti wa mdalasini mwembamba kuna yujenoli ambayo ndo ile ile inayofanya karafuu inukie karafuu, na kwenye majani yake imejaa sana, ukiponda jani bichi la mdalasini ukafumba macho utasema umeshikishwa karafuu. Na mizizi yake inanukia kafuri, wale waliotembea mashamba ya viungo Unguja wameshanusishwa hiyo wakashangaa, mti mmoja gome lina harufu yake, jani harufu yake, mzizi harufu yake.

Kwa majina ya kitaalamu, kwa sababu pakiti za supamaketi zingine zinaandika, mwembamba ni Cinnamomum verum, zamani wakiuita Cinnamomum zeylanicum, asili yake kisiwa cha Sri Lanka, na huo ndo uliopandwa Unguja na Pemba na milima ya Usambara. Mnene sio mti mmoja, ni ndugu kadhaa, kuna Cinnamomum cassia wa China, Cinnamomum burmannii wa Indonesia na kuna wa Vietnam ambao ndo mkali kupita wote. Ukikuta pakiti imeandikwa mdalasini tu bila kitu kingine chukulia ni mnene, maana ndo unaouzwa kwa wingi duniani.

Na neno lenyewe mdalasini limetoka kwa Waajemi, wao walisema dar chini, yaani mti wa China, Waarabu wakasema darsini, likatufikia sisi pwani na majahazi. Kwa hiyo jina tunalolitumia linautaja ule wa China, na miti iliyopandwa kwetu ni ya Sri Lanka. Ndo ilivyo.

Haya jikoni.

Pilau. Hapa mi nasema wazi, mnene ndo wake. Pilau la shughuli linapikwa kwa kuni, kitunguu unakikaanga mpaka kiwe cha kahawia kabisa, unatia thomu na tangawizi, unatia nyama, viungo vyako bizari nyembamba, iliki, karafuu, pilipili manga na mdalasini vyote vinapita kwenye mafuta ya moto, alafu supu, alafu mchele, alafu unafunika na makaa juu. Hiyo ni saa nzima na zaidi ya moto. Mwembamba ukiupeleka kwenye safari hiyo harufu yake laini inaondoka na moshi, ukifunua sufuria umebaki utamu kidogo tu, na vijiti vyenyewe vinavunjikavunjika watu wanatafuna vipande wanadhani ni vijiti vya kuni. Mnene unavumilia. Unakaa mzima mpaka mwisho, unaweza kuutoa kabla ya kupakua, na harufu yake kwa kuwa ni nzito haifunikwi na bizari nyembamba. Kipimo changu mi kilo moja ya mchele kijiti kimoja cha urefu wa kidole, basi, usiongeze kwa kuona harufu haijaja, itakuja mchele ukiiva. Ukizidisha pilau linakuwa na uchungu fulani mwishoni wa ulimi, mtu hajui ni nini ila sahani anaiacha.

Ukiwa una mwembamba peke yake na wageni wameshaingia, tumia vijiti viwili badala ya kimoja na uvitie baada ya supu, usivikaange. Itakubali.

Biriani hivyo hivyo mnene kwenye rojo. Mchuzi wa nyama wa nazi, mnene kipande kidogo sana. Pweza na ngisi mi siwatilii mdalasini kabisa, wapo wanaotia, naona unagombana na bahari.

Chai ndo mambo yanageuka. Chai ya rangi ya asubuhi au ya maziwa, mwembamba hauna mpinzani. Unachemsha maji na tangawizi na iliki kwanza, alafu mdalasini unatia mwishoni, dakika 5 mpaka 7 na mfuniko juu, unaipua unaacha ikae kidogo. Inatoka chai yenye harufu inayokaa kwenye kikombe, ukimaliza kunywa ukinusa kikombe kitupu bado ipo. Mnene kwenye chai kwanza ni mgumu kutoa ladha, unataka robo saa ya kuchemka, na ukishatoa unakuwa mkali unafunika majani ya chai yenyewe. Alafu ukiuchemsha muda mrefu unaanza kutoa ute, chai inakuwa na mlenda fulani ukiisikiliza kooni, wenye kunywa chai nzito hawaujali, mi unanikera.

Uji wa mchele na nazi, uji wa ulezi, mwembamba pia, na sababu yake nyingine nitakuja nayo huko chini kwenye afya kwa sababu uji ni wa watoto.

Kashata za korosho nazo. Hizi ndo zetu bwana, korosho zilizokaangwa, sukari inayeyushwa mpaka iwe ya dhahabu, hapo mwembamba uliosagwa muda ule ule nusu kijiko cha chai unanyunyizia ukishaipua, sio kwenye moto. Korosho ina mafuta na utamu wake wa maziwamaziwa, mdalasini mnene unaipiga korosho yote inapotea unabaki unakula mdalasini. Mwembamba unaifuata korosho nyuma. Nikiuza kashata bila mdalasini zinaisha jioni, nikitia mwembamba zinaisha kabla ya adhuhuri.

Maandazi, sikiliza hapa. Mwaka juzi nilipewa oda kubwa ya maandazi ya harusi, nikasema niyape mdalasini yawe ya pekee, nikatia unga wa mdalasini mnene vijiko vinne vya chakula kwenye donge, nikafunika nikalala. Saa kumi alfajiri nafunua donge limekaa vile vile nilivyoliacha, halijaumuka hata nusu, zito kama udongo wa kufinyangia. Nikahangaika na hamira nyingine na maji ya vuguvugu mpaka jua limetoka, watu wamekula maandazi magumu. Baadae ndo nikaja kujua kwamba kile kitu kinachoupa mdalasini ule ukali wake kinadhoofisha vijidudu, na hamira ni kijidudu hai, kwa hiyo ukitia mdalasini mwingi ndani ya donge unaiua hamira kidogo kidogo. Mnene kwa sababu ni mkali zaidi unadhoofisha zaidi. Tangu siku ile donge la hamira natia iliki, na mdalasini naunyunyizia juu na sukari andazi likishatoka kwenye mafuta. Ukitaka lazima uwe ndani basi kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya unga wa ngano na uwe mwembamba.

Sasa tuje kwenye dawa, na hapa naomba usome taratibu.

Kwenye gome la mdalasini kuna kitu cha asili kinaitwa kumarini. Hakijawekwa na mtu, mti wenyewe unakitengeneza. Kwenye mnene kipo kingi, kwenye mwembamba kipo kidogo mno, mara nyingi hata hakisomeki kwenye kipimo. Kumarini ukiila kidogo haina shida, ila ukiila nyingi kila siku kwa muda mrefu kuna watu ini lao linaumia. Wazungu wa Umoja wa Ulaya wameweka kikomo, miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, na Ujerumani mwaka 2006 walitoa tahadhari kuhusu biskuti za mdalasini za Krismasi kwa sababu hiyo hiyo, zilikutwa zimejaa mnene na watoto wanakula nyingi.

Tuiweke hiyo hesabu jikoni. Mtu mzima wa kilo 60 kikomo chake kinafika kwa gramu 2 hivi za unga wa mnene kwa siku. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinakaribia gramu 2 na nusu. Yaani kijiko kimoja cha chai kila siku umeshavuka. Mtoto wa kilo 15 yeye ni nusu gramu, hata robo kijiko cha chai haifiki. Ndo maana uji wa mtoto wa kila siku nasema mwembamba, na hata huo mwembamba kijiti chemsha utoe. Hii hesabu ni ya kila siku mfululizo, siku moja ya Idi umekula pilau sahani tatu hakuna neno, na kijiti kwenye pilau unakitoa hukitafuni, wakati unga kwenye kikombe unaumeza wote na mashapo yake.

Kwa hiyo yule anayekunywa mdalasini kama dawa, kila asubuhi, kijiko kizima cha unga kwenye maji ya moto, ndo mtu wa kwanza anayetakiwa atumie mwembamba. Na ukienda sokoni ndo mtu wa kwanza anayenunua mnene, kwa sababu anatumia mwingi na mnene ni rahisi. Inaniuma hiyo.

Sukari yenyewe je, mdalasini unashusha? Mwaka 2003 ulifanyika utafiti Pakistan kwa watu 60 wenye kisukari cha aina ya pili, wakapewa mdalasini mnene gramu 1, wengine 3, wengine 6 kwa siku 40, na sukari yao ya kufunga ilishuka kwa asilimia 18 mpaka 29. Hapo ndo habari ilipozagaa dunia nzima na mpaka leo wauza dawa za kienyeji wanaishi kwa hiyo. Wengine wakarudia huko na huko, wapo walioona imeshuka wapo walioona haijatikisika, na mwaka 2012 wataalamu wakakusanya tafiti 10 zenye watu 577 kwa pamoja wakasema ushahidi hautoshi kusema mdalasini utumike kutibu kisukari. Ona pia walichopewa kule Pakistan ni mnene, na gramu 6 ni mara tatu ya kile kikomo cha ini, kwa siku 40 tu, wewe unakunywa miaka.

Nina shangazi yangu yuko Newala. Aliletewa unga wa mdalasini kwenye kopo halina jina, akaambiwa vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, na huyo aliyemuuzia akamwambia aache vidonge mwili upumzike. Shangazi mtu wa kusikia la mtu, akaacha. Nilivyoenda kumsalimia nikamkuta amekonda, anakunywa maji kama yuko jangwani, usiku anaenda chooni si mara moja wala mbili. Nikamwambia "shangazi twende tukapime," akasema "mwanangu mimi natumia dawa ya asili, itatulia tu." Tulivyopima mashine ikasoma sukari 20 na kitu, iko juu mno. Nesi alimuuliza kwa upole bibi vidonge vyako viko wapi, shangazi akatazama chini. Alirudishiwa vidonge, siku kadhaa akaanza kurudi kwenye hali yake. Kwa hiyo mtu wa sukari ukinisikia nasifia chai ya mdalasini, nasifia chai. Isiyo na sukari ndani, yenye harufu nzuri inayokufanya usiitamani sukari, na hapo imekusaidia kweli, maana mdalasini mwembamba unaidanganya midomo inahisi utamu ambao haupo. Vidonge viko pale pale na kipimo kiko pale pale, na ukiamua kunywa mdalasini kila siku mwambie daktari wako, hasa kama uko kwenye dawa za kushusha sukari au zile za kufanya damu iwe nyepesi kama wafarini, au una historia ya ini.

Mafua na kikohozi, mwembamba na tangawizi na ndimu, asali ukishaipua. Inapasha koo joto, kamasi zinalegea, unalala. Mtoto chini ya mwaka mmoja asali usimpe kabisa hata tone, inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo.

Gesi tumboni baada ya kula maharage au muhogo, hapa ndo sehemu pekee ya tiba ya nyumbani ambapo mnene naukubali, kipande kidogo ukichemshe na pilipili manga unywe kikombe kimoja, kwa sababu ni mara moja moja na ule ukali wake unasaidia kucheua. Tumbo la mwezi mabinti wananywa chai yake ya moto, mwembamba, inatuliza. Mjamzito kwenye chakula cha kawaida hana tatizo, ila vile vijiko vijiko vya dawa aache.

Jino likiuma watu wanatafuna mdalasini, acheni, jino linataka karafuu. Ile yujenoli niliyoitaja juu ndo inayotia ganzi, hata madaktari wa meno wanaitumia, na kwenye karafuu ndo imejaa, kwenye gome la mdalasini ni kidogo. Tena mafuta ya mdalasini yale ya kichupa usiyaweke mdomoni wala kwenye ngozi bila kuyachanganya, yanaunguza, nimeona mtu fizi zimebabuka.

Unga wa pakiti sasa. Vile vipakiti vya shilingi mia tano vinavyoning'inia dukani. Kwa mdalasini mi sinunui unga na nakuomba usinunue, iwe wa kunywa iwe wa kupika, kwa sababu ukishasagwa hujui tena ni mwembamba au mnene, hujui ulisagwa lini, na hujui umechanganywa na nini. Huko Marekani mwaka 2023 watoto mamia waliumwa kwa madini ya risasi baada ya kula matunda yaliyopondwa ya kwenye vipakiti, wakafuatilia wakakuta mdalasini wa unga uliotiwa ndani ulikuwa umechanganywa na rangi yenye risasi, unaaminika uliwekwa ili unga uonekane na rangi nzuri na uzito uongezeke. Kama imepita kwenye nchi yenye vipimo vyote vile, kile kipakiti kisicho na jina cha dukani kwako nani kakipima? Gome zima mtu hawezi kulitia rangi usione. Nunua vijiti, vianike juani nusu saa viwe vikavu kabisa, saga kidogo kidogo kwenye blenda au kwenye kinu, chekecha. Mwembamba unasagika hata kwa blenda ndogo ya nyumbani, mnene uupige kwanza na mchi kwenye kitambaa maana utakuvunjia visu, na hiyo nayo ni tofauti ya kuweka kwenye hesabu kabla hujasema mwembamba ni ghali.

Kama unga unao tayari nyumbani unataka kuujua, nenda duka la dawa kanunue aidini ile ya vidonda, tia maji kidogo kwenye unga ukoroge, dondoshea tone mbili. Ukigeuka bluu nzito iliyoiva ni mnene, una wanga mwingi, ukibadilika kidogo tu ni mwembamba. Ukishafanya hivyo mwaga usiupike. Ila aliyechanganya unga wa muhogo ndani naye utageuka bluu, kwa hiyo bluu maana yake ni mbili na zote hazikufai kwa chai ya kila siku.

Kuhusu bei, ni kweli mwembamba uko juu na sababu ipo. Mnene wanabandua gome la mti mkubwa wanakausha wamemaliza. Mwembamba mzuri unatoka kwenye machipukizi madogo ya miaka miwili hivi, wanakata, wanakuna ganda la nje, wanabandua ngozi ya ndani nyembamba bila kuichana, wanaipanga moja ndani ya nyingine kwa mkono, wanaukausha kivulini. Hiyo ni kazi ya vidole tupu. Lakini tazama matumizi, kijiti kimoja chembamba kwenye chai ya nyumbani nakichemsha leo na kesho, siku ya pili bado kinatoa. Na kwa chai ya watu wanne kipande cha nusu kidole kinatosha. Mtu akinunua wa elfu mbili anaenda nao wiki kadhaa kama hatumii kwa fujo.

Yote miwili weka kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko na mbali na dirisha. Huku kwetu hewa ya bahari ina unyevu, Mikindani ukiacha viungo kwenye mfuko wa nailoni mwezi tu vinapata ukungu, utaona vumbi jeupejeupe kwenye mikunjo ya kijiti. Ukiliona tupa, usifute ukaendelea. Mnene unakaa mwaka na zaidi na nguvu zake, mwembamba ukishakaa miezi minane au tisa uvunje uunuse, kama vidole havinukii tena umeshaenda.

Nyumbani kwangu kuna makopo mawili, moja nimeandika PILAU, moja nimeandika CHAI, na binti zangu wanajua ukichukua la pilau kutia kwenye uji wa mdogo wao utanisikia. Kwa mtu anayepika pilau mara moja kwa mwezi, mnene kijiti kimoja kimoja nunua kinakutosha, hela nyingine yote weka kwenye mwembamba. Anayeuza chai kama mimi achukue mwembamba kwa kilo apunguziwe. Mwenye mgonjwa wa sukari, mwenye mtoto mdogo, mwenye mzee anayekunywa kila siku, asiulize bei kwanza, aulize upi mwembamba.

Na wewe dada wa Jumamosi, uliyekuwa na kanga ya bluu na kapu la ukindu, kama yamekufikia haya, huo uliobeba usiutupe, weka kwenye kopo la pilau. Rudi kwa muuzaji yule yule, mwambie akupe ule wa Unguja uliouacha, kivunje kijiti mbele yake kwa vidole viwili, kikisagika ndo hicho, mama mtilie kipande cha nusu kidole kwenye birika, dakika 5, na vidonge vyake ameze kwa maji.